Karani Aliyeikwepa Posta

Watu wa Mbeya waliosema kwamba Danieli Kalinga alikuwa na hawara Iringa hawakuwahi kuiona hata barua moja. Mkewe, Verediana, alizisoma. Basi yaandikwe hapa kama yalivyokuwa, mwaka 1954, ili wajukuu wasije wakasimuliwa ya sokoni.

Danieli alikuwa karani wa posta: kupima vifurushi, kugonga mihuri, kupanga barua za watu. Na hapo ndipo maneno yalipoanzia, maana barua zake mwenyewe hazikupita posta. Zilikuja na Mrisho, dereva wa basi la Iringa, zimekunjwa ndani ya kofia yake.

"Mama Edmund," alisema Mwantumu, jirani muuza vitumbua, "mumeo analala na stempu, anaamka na stempu. Barua yake inapandaje basi kama kuku?"

"Labda ina haraka."

"Haraka! Mume wangu wa kwanza naye alikuwa na haraka hivyo hivyo."

Verediana hakucheka. Alikuwa amesoma kwa masista mpaka darasa la nane, na hakupenda kufundishwa habari za mumewe barazani. Lakini tangu siku ile alianza kupekua. Katika koti la kazini alikuta karatasi yenye mwandiko mzuri wa kike: "Nguzo, kazi, barua. Nitakueleza yote. Damari, Ipogolo." Aliisoma mara tatu. Nguzo gani? Yote yapi? Alipomuuliza Danieli, alijibu, "Mambo ya kusoma tu," akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimekwisha fungwa.

Wiki iliyofuata Verediana aliaga kwamba anakwenda kumwona dada yake Rujewa. Basi lilipofika njia panda ya Rujewa, hakushuka. Mrisho alimtazama kwenye kioo.

"Shemeji, unapitiliza."

"Wewe endesha."

Ipogolo, nje kidogo ya mji wa Iringa, alielekezwa nyumba ya Mwalimu Damari. Alikuta mwanamke wa umri wake, mjane wa mchungaji, mzuri kuliko ilivyohitajika, na mezani kamusi nene kama tofali.

"Kamwene, mama," Damari alimsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene. Mimi ni mke wa Danieli."

Damari hakushtuka, na hilo nalo Verediana hakulipenda. Akaletewa barua za Danieli. Zote zilihusu neno moja la Kiingereza, "post". Alikuwa amemuuliza bosi wake Mzungu kwa nini neno hilo ni nguzo, tena ni kazi ya mtu, tena ni barua anazozigonga mihuri. Mzungu alicheka, na Joachim, karani mwenzake, akaanza kumwita Profesa mbele ya wateja. Barua yoyote ya kwenda au kutoka Iringa ingepita mikononi mwa Joachim. Ndiyo sababu ya kofia ya Mrisho.

Damari alifungua kamusi. La nguzo, alisema, lilitokana na jina ambalo Warumi waliupa mwimo wa mlango. Yale mengine mawili yalitoka kwenye neno lao la kuweka. Wapanda farasi waliwekwa vituoni njiani, huyu akipokea mfuko kwa yule, hata barua zenyewe zikaitwa kwa jina la kituo. Na mtu aliyewekwa kazini, vivyo hivyo.

"Kumbe ni maneno mawili yaliyovaa sare moja," alisema Verediana.

"Mumeo ilimchukua miezi mitatu kufika hapo."

Verediana aliona fahari. Kisha akafikiri kwamba miezi mitatu ni mingi kwa neno moja.

Wakati wa kuagana, Damari alimpa bahasha iliyofungwa kwa gundi.

"Mpe Danieli. Ni ya mwisho."

"Ya neno gani?"

"Mpe tu, dada."

Tangu hapo Danieli hakuandika tena Iringa. Waliishi pamoja mpaka alipofariki, akiwa mzee wa kanisa mwenye heshima zake. Matangani, Chiku, binti wa Mwantumu, aliyezisikia habari hizo kwa mama yake, alisogea kwenye mkeka wa mjane.

"Shangazi, ile bahasha uliifungua?"

"Ilifika."

"Lakini ilisema nini?"

"Nimekwambia ilifika. Zaidi ya hapo sisemi, na usiniulize tena."