Maji Bado Yanakuja

Harufu ya jiko la makaa linalowashwa kwa mafuta ya taa hunirudisha mtaa wa Kaloleni mpaka leo, na hainirudishi kwa raha. Nilikuwa na miaka kumi, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, na kipindupindu kilikuwa kimeingia Kisumu. Gari lenye kipaza sauti lilizunguka mitaani likituhimiza tuchemshe maji ya kunywa, nasi watoto tukalikimbiza huku tukiiga sauti yake. Mifereji ilikuwa imekauka, kwa hiyo tulinunua maji ya mkokoteni yaliyochotwa ziwani, yenye harufu ya matope. Kabla ya kwenda sokoni kuuza samaki, Mama aliniachia kazi moja tu: nichemshe maji, yapoe, niyamimine mtungini. Nami nilikuwa na jibu moja kwa kila kazi: "Nakuja." Nililisema huku miguu ikienda kwingine. Mama alinicheka, "Atieno, wewe unakuja tangu uzaliwe, na hujafika bado."

Ijumaa moja wenzangu walikuwa wakicheza kati, kukwepa mpira, uani, na mchezo ulikuwa umepamba moto. Nikamimina maji mabichi mtungini, Mama asije akaukuta mtupu, nikajiambia nitayatoa niyachemshe mchezo ukiisha. Niliporudi nilimkuta Dani, nyanya yangu mzaa baba, ameingia kutoka kijijini Bondo, kikombe mkononi. "Maji yenu leo ni matamu," alisema, akajichotea tena. Loo! Nikaamua nitasema akishakula. Akala. Basi nitasema Mama akirudi. Mama akarudi, akaketi akicheka na mkwewe, nami nikayamwaga maji yaliyobaki nyuma ya choo na kuchemsha mengine kimyakimya.

Jumamosi yote nilimchunguza. Kila alipoelekea chooni nilimfuata kwa macho, akirudi nashukuru Mungu. Jumapili asubuhi, tukijiandaa kwenda kanisani, alianza kuhara na kutapika. Haukupita muda macho yalikuwa yamedidimia na misuli ya miguu imemkaza. Mama Njeri, jirani yetu aliyekuwa na duka la nguo, akasema ni malaria tu, akaleta vidonge. Mama alikubali. "Kipindupindu hakiwezi kuwa," alisema. "Hapa maji tunachemsha. Atieno mwenyewe ndiye anayechemsha." Akaniangalia kwa fahari, na nikatamani ardhi inimeze. Mimi peke yangu ndimi niliyejua. Niliogopa kipigo, ndiyo, lakini niliogopa zaidi kwamba nikilitamka litakuwa kweli. Acha kwanza vidonge vifanye kazi, nikajiambia, halafu nitasema. Mama alipokwenda uani kuanika shuka, nilishika mkono wa Dani. Ulikuwa baridi, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima.

"Nyathina," aliniita, yaani mwanangu, kwa sauti ambayo karibu nisiisikie. "Niitie mama yako."

"Naku..." mdomo ukaanza wenyewe. Nikajisikia nikilisema lile jibu langu. Hofu iliyonipanda pale sijawahi kuipata tena. Nilichomoka mpaka uani nikipiga mayowe, "Mama, sikuchemsha! Dani alikunywa maji mabichi!"

Mama hakunipiga. Alinitazama mara moja tu, akaangusha shuka, akakimbilia barabarani kutafuta gari. Hospitalini walimtundikia Dani maji ya mshipa, na muuguzi akamwambia Mama kwamba wangekawia kidogo tu wangempoteza. Dani alirudi nyumbani baada ya wiki nzima, amebaki mifupa. Tangu hapo, kila nilipompa maji alikiinua kikombe kwanza. "Atieno, haya yamefika, au bado yanakuja?" Nyumba nzima ilicheka. Nami nilicheka, kisha nikarudi jikoni kuyachemsha tena.

Sasa ninaishi mtaa wa Migosi, nina mfereji jikoni, na bado ninachemsha. Ofisini wananisifu kwamba kazi hailali mezani kwangu. Wanadhani ni bidii, kumbe ni woga mtupu. Binti yangu akinijibu "nakuja" kutoka chumbani, ninainuka na kuifanya kazi mwenyewe, na najua ninamharibu. Dani tulimzika Bondo, mzee kabisa, akiwa amekufa usingizini. Lakini hata leo mgeni akiniomba maji, huwa ninasimama kidogo mlangoni na kikombe mkononi, nikimngoja aniulize.