Nilivyoifuata Suti ya Kuzamia Katesh

Nieleze mwenyewe kilichonitoa nyumbani, maana watu wa Nambis, kijijini kwetu, wameshaeleza kwa namna yao, na kwa bahati mbaya karibu wote wamepatia.

Kazi yangu ni kujaza hewa kwenye mitungi ya wazamiaji kisiwani Mafia. Nilijifunza kuogelea ukubwani, na mwaka jana nikapita kozi ya kwanza ya kuzamia kwa vifaa vya kuazima. Nilipopata nafasi ya kozi ya juu, mkufunzi wangu aliniambia waziwazi: "Usinunue kitu sasa hivi, labda miwani inayokukaa vizuri usoni. Vifaa tunavyo. Zamia kwanza, ndipo ujue mwili wako unataka nini." Nilimsikia vizuri sana. Shida ni kwamba kozi ya kwanza nilisoma na vijana wawili wa Dar es Salaam waliokuja na mabegi ya vifaa vyao wenyewe, mimi nimevaa suti ya chuo yenye namba mgongoni kama mahabusu. Iliniuma, na maumivu ya namna hiyo hayasikilizi mkufunzi.

Nikiwa likizo Nambis nikaona tangazo kwenye simu: seti nzima ya kuzamia inauzwa, ipo Katesh. Mwenye akili timamu angejiuliza vifaa vya kuzamia vinatafuta nini chini ya mlima Hanang. Mimi nikaona ni bahati imenifuata nyumbani.

Nilimweleza baba. Baba ana maksai wawili wa kulimia, na mvua zilikuwa zimekaribia.

"Huko chuoni vifaa hawana?" aliniuliza.

"Wanavyo, Baba."

"Vibovu?"

"Vizima."

"Sasa?"

Nikamwambia mtu makini huwa na vyake. Akasema kuna mtu wa Dongobesh anayemtaka mmoja wa wale maksai. "Nenda ukavione. Ukiridhika nipigie, nitamuuza. Ila ujue maksai mmoja halimi." Nikasema najua. Kwa kweli nilikuwa najua, ndiyo maana mpaka leo sina cha kujitetea.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda bodaboda mpaka Dongobesh. Baridi ilikuwa kali, nimevaa masweta mawili na koti. Mama mmoja aliyekuwa anauza chai aliniuliza ninakokwenda mapema hivyo. Nikamjibu, kwa sauti ya kusikika mpaka benchi la jirani, kwamba naenda Katesh kununua vifaa vya kuzamia baharini.

"Katesh siku hizi kuna bahari?" akauliza, huku akinimiminia chai. Benchi la jirani lilicheka. Nikajisemea kwamba hawa hawajatembea.

Saa nane mchana nilishuka Katesh, na muuzaji alikuwa ananisubiri na pikipiki. Anaitwa Gidamis, kijana wa wafugaji wa huko bondeni, mrefu mpaka nikaona aibu kusimama naye. Alinipeleka nyumbani kwao, mwendo wa karibu saa moja kwenye vumbi. Mama yake alikuwa amekaa nje anasafisha kibuyu cha maziwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiye huyu aliyekuja kwa vile vitu?" alimuuliza mwanawe. Akanitazama kwa huruma, kisha akaendelea na kibuyu chake. Ile huruma niliiona, nikaipita.

Vifaa vilikuwa ghalani, juu ya magunia ya mahindi. Vilikuwa vizuri kwa macho, lazima niseme. Mapezi ya miguuni ya bluu, jaketi la kuelea lenye mifuko mingi, mkanda wa vipande vya risasi vya kumzamisha mtu, na suti nyeusi ya mpira. Nilichukua kile kifaa cha kuvutia hewa, nikakitia mdomoni nikapuliza, udongo ukanirukia usoni. Nyigu alikuwa amejenga humo.

"Hiyo ni ya kusafisha tu, kaka," alisema Gidamis. "Ndani ni mpya kabisa."

Niliinyoosha suti. Ilikuwa ndefu kunipita na pana kiunoni. Nikasema inaonekana kubwa kidogo.

"Niliichukua kubwa makusudi," akajibu. "Huku kwetu upepo wa mlima si unaujua? Unavaa sweta ndani."

Sasa naomba nieleweke. Siku ya kwanza ya kozi tulifundishwa kwamba suti ya kuzamia lazima ibane mwili, ikipwaya inajaa maji na haizuii baridi yoyote. Nimelisema jambo hilo mwenyewe kwa wageni mara nyingi. Lakini mimi ni mtoto wa Mbulu, nchi ya baridi. Sare yangu ya darasa la kwanza nilinunuliwa kubwa ili nikue ndani yake, viatu vya kipaimara vilikuwa na karatasi mbele, na nguo yoyote isiyoingiza sweta kwetu ni hasara. Maneno ya Gidamis yaliingia moja kwa moja yakapita elimu yangu yote. Nikamwambia amefikiria vizuri.

Sikuijaribu. Nilitoka nje, nikapanda kichuguu kutafuta mtandao, nikampigia baba: "Nimeridhika. Muuze."

Nililala kwao, na kesho yake saa moja asubuhi Gidamis alinishauri nivae nijipige picha, nikaona heri tufike kwenye lambo wanakonyweshea mifugo nipige picha ndani ya maji. Nilivaa suti, ndani sweta moja, nikafunga mkanda wa risasi, nikavaa mapezi. Wachungaji walisimamisha ng'ombe wao kunitazama. Niliingia kinyumenyume kama tulivyofundishwa. Maji yalipofika magotini yakaanza kuingilia miguuni, miguu ya suti ikavimba. Nilipotaka kurudi, mapezi yalikuwa yameshakamatwa na tope. Nikaanguka, sweta likanywa. Maji hayakunifika kifuani hata nilipokaa, lakini kusimama nilishindwa.

Walinitoa kwa kamba wanayovutia ng'ombe aliyenasa. Mchungaji mmoja alinipitisha kamba kwapani, wakavuta watu wanne, na ng'ombe wakapata nafasi ya kunywa. Mama yake Gidamis alikuwa amefika, ameshika fimbo yake.

"Hata yeye alitoka hivyo hivyo," alisema akimnyooshea mwanawe.

Nilimgeukia Gidamis. "Wewe kozi ya kuzamia ulisomea wapi?"

"Sikusoma, kaka," alijibu akiangalia chini. "Nilinunua vifaa kwanza. Kozi ikakosa hela."

"Vilitutoa ng'ombe watano," alisema mama yake. "Na mwenyewe bado ninaye hapa nyumbani."

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba. Nilikimbilia kichuguu nikiwa na ile suti, maji yananichuruzika. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena na tena. Simu ya baba huchajiwa dukani, na baba akiipeleka asubuhi huifuata jioni. Nilivua suti palepale kwa msaada wa watu wawili, nikamwomba Gidamis radhi kwamba sinunui tena, naye akanipeleka Katesh. Njia nzima nilikuwa naomba mnunuzi achelewe. Nilikuwa tayari augue kidogo.

Saa kumi jioni niliingia nyumbani. Zizini kulikuwa na maksai mmoja. Baba alikuwa anaokota kuni mlangoni.

"Baba, mnunuzi amekuja?"

"Alikuja asubuhi. Akamfunga maksai nira pamoja na mwenzake, akalima nao kile kipande cha chini mpaka saa nne. Akamwangalia kwato, akamwangalia meno. Ndiyo akakubali." Kwetu ndivyo inavyofanyika, hakuna anayenunua maksai kabla ya kulima naye asubuhi moja. Kisha baba akauliza, "Wewe suti uliivaa lini?"

"Leo, Baba."

"Na kunipigia ulinipigia jana."

 Kumpata maksai mwingine haikuwezekana, mvua zikikaribia kila mwenye maksai humshikilia wake. Nilijifunza kwamba mkufunzi wangu alikuwa sahihi, na mama muuza chai wa Dongobesh alikuwa sahihi kumzidi. Nilijifunza pia kuwa nilichokuwa nanunua ni macho ya wale vijana wawili wa Dar es Salaam, na bei yake ameilipa baba.

Asubuhi mvua ilinyesha. Baba aliniita shambani, akanipa jembe la mkono.

"Hilo ni langu, nakuazima," alisema. "Ukishajua kulima utanunua lako."

Nikalipokea kwa mikono miwili.