Hekalu la Ng'ambo ya Ziwa

Rafiki yangu, nisaidie, maana mwenzio kichwa hakijatulia. Nalinda lango la jengo moja refu huku Doha, upande wa Lusail. Juzi fundi wa lifti, Mchina mpole tunayesalimiana kila asubuhi, alinionyesha kwenye simu picha za kwao. Ziwa. Hekalu jekundu, paa limekunja pembe zake juu. Daraja la kona kona juu ya maji. Nikaropoka, "Hapa nimefika! Nilienda na nyanya yangu!"

Akanitazama. "Sadiki, wewe China? Mafi." Sadiki huku ni rafiki, mafi ni hakuna, na kweli hakuna. Pasipoti yangu haijui nchi nyingine ila hii. Lakini hapo mahali napakumbuka.

Tulikaa kando ya ziwa, karibu na Homa Bay. Nikifumba macho nasikia harufu ya omena, dagaa wa ziwa letu, wakianikwa na redio ya jirani ikikoroma. Nyanya alikuwa na swali lake, kila tukila: "Mmefika hekaluni?" Mwenye kufika alisifiwa, mvivu alingojewa. Nyanya alikuwa mtu wa kanisa, na hekalu alilolijua lilikuwa moja tu, la kwenye Biblia. Basi nikakua nikijua kwamba Yesu alipotea na kupatikana ndani ya jumba lile jekundu la pembe zilizopinda, na kwamba Yerusalemu iko ng'ambo ya ziwa letu. Mwalimu wa kanisani alipotuchorea hekalu la mawe meupe, nilimhurumia kwa kudanganywa.

Na daraja nililivuka. Nyanya alitangulia, akanishika mkono kila kona. Alisema limekunjwa ili watoto wasikimbie wakatumbukia. Fundi anabisha. Kwao wanasema pepo wabaya hujua kwenda moja kwa moja tu, wakifika konani wanaingia majini. Hekalu lenyewe, anasema, ni la zamani sana. Liliungua, wenyeji wakalijenga tena kwa kukumbuka tu, wazee wakibishana nguzo ipi ilikuwa wapi. Hapo nilicheka, ila sikujua nacheka nini.

Nikampigia dada yangu nyumbani. Alicheka hadi akakohoa.

"Wewe! Si hiyo ni ile sinia ya nyanya ya kulia ugali? Ilitoka China, ilikuwa na picha hapo chini. Mkimaliza ugali ndio hekalu linaonekana. Alikuwa anataka mmalize chakula, bana!"

Nikauliza sinia iko wapi. Ilitoboka, ikawa ya kuanikia omena, halafu hakuna anayejua ilitupwa na nani. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia.

"Lakini tulivuka daraja," nikamwambia. "Alinishika mkono."

Dada akaacha kucheka. "Nyanya alikuwa hatembei. Miguu yake ilikataa kabla hujazaliwa. Kwani umesahau?"

Sikusahau. Naukumbuka mkeka wake, na zamu zetu za kumpelekea maji ya kunawa, na wajomba wakimbeba kumtoa kivulini jua likihama. Hayo yote nilikuwa nayo, na daraja nilikuwa nalo, na miaka yote hii havijawahi kugombana kichwani mwangu. Sasa vimegombana, na mimi sijui nimfukuze nani.

Fundi amenitumia ile picha. Langoni kukipoa naifungua, naisogeza kwa kidole, kona baada ya kona. Najua ilikuwa sinia. Dada hakosei. Lakini kama ilikuwa sinia tu, basi sijawahi kumwona nyanya yangu akitembea. Na mimi namwona, rafiki: amejifunga leso ya kijani, anatembea mbele yangu bila kushika chochote, na akifika konani anageuka kunisubiri.