Majivu ya Mazoezi

Kila alasiri mwanafunzi wa uchungaji, mpangaji wa chumba cha pili pale Wandegeya, alimjia Mama Ayot kwenye sigiri, jiko lake la makaa, kiganja mbele kama mwombaji.

"Mama Ayot, saidia mimi majivu kidogo."

"Leo nani amekufa?"

"Hakuna mtu, mama. Ni mtihani tu."

Kisha mama alimsikia nyuma ya ukuta akisomea sanduku tupu la sabuni ibada ya mazishi kwa sauti nyembamba, akikohoa kila alipokaribia kurusha majivu, akianza upya. Mama alicheka mpaka machozi.

Kicheko kilikatika siku mumewe, askari polisi, alipotiwa na watu wa usalama wa serikali ndani ya buti la gari pale Nakivubo. Maiti haikurudi. Mwishowe walizika sanduku lenye koti lake la kazi, na kwa kuwa wachungaji wenyewe waliogopa kuonekana hapo, mwanafunzi ndiye aliyesoma. Safari hii hakukohoa hata mara moja. Ila ilipofika zamu ya udongo, ngumi yake ilikataa kufunguka. Mama Ayot akaishika, akakunjua kidole kimoja kimoja.

"Mwaga tu, mwanangu," alimwambia. "Hili nalo halina mtu, kama lile lako."