Mvua ya Apolinari

Mama yangu, Generoza, alizaa watoto sita akabakiwa na wawili: kaka yangu Apolinari na mimi, Scolastika. Mimi nilibaki na jembe. Apolinari alisoma mpaka akawa bwana shamba, akapewa baiskeli na kofia, na tangu siku hiyo pale kijijini kwetu, upande wa Ushirombo, mama hakuitwa tena Generoza. Aliitwa Mama Bwana Shamba, naye aliitika kwa tabasamu ambalo mimi sikuwahi kupewa. Nasema bila haya, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka ninaousimulia ulikuja muda mfupi baada ya njaa ya sabini na nne. Mvua zilianza vizuri, zikakatika mwezi wa pili. Mahindi yakajikunja. Kilichobaki ni viazi vitamu vilivyokuwa ardhini. Ndipo Apolinari alipokuja na utabiri: ukanda wetu wote hautapata mvua tena msimu ule. Alikaa kwenye kigoda, akanywa togwa, akamwambia mama, nami nikimsikia, "Ng'oeni viazi sasa hivi, hata kama ni vidogo. Udongo ukipasuka, wadudu wa fukusi watavimaliza hukohuko chini. Menyeni, muanike michembe."

Michembe ni viazi vibichi vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Ndiyo iliyotuvusha njaa iliyopita, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa thamani yake. Mama alijifunga khanga akapita nyumba kwa nyumba. "Mwanangu amesema," ndivyo alivyoanza kila mlango. Jirani yetu Mama Kalisti akasita, akasema viazi bado vichanga, ni dhambi kuving'oa.

"Kwani wewe ulisomea wapi?" mama akamuuliza, akacheka mbele ya watu.

Mama Kalisti akang'oa, na wengine wote wakang'oa. Tulimenya kwa zamu, leo kwa huyu kesho kwa yule, wanawake wote pamoja. Marando ya viazi tukawapa mbuzi. Majabali yote ya kijiji yakawa meupe kwa michembe, na mama akitembea katikati yake akiigeuza ya kwake na ya wenzake.

Haikuwa imekauka hata nusu mawingu yalipotokea upande wa Geita. Mvua ikanyesha, ikalala, ikaamka, ikanyesha tena. Tulichowahi kuingiza ndani kikaota ukungu, na tulichokiacha nje kikawa uji. Mashambani hakukuwa na kitu cha kuota, maana tulikwisha kuling'oa kila shina kwa mikono yetu.

Apolinari akafika na koti la mvua. "Utabiri umebadilika," akasema. "Mvua zitaendelea hadi mwezi wa tano, tena nyingi."

"Umejua lini?" nikamuuliza.

"Wiki iliyopita. Lakini sikuweza kutangaza kabla sijapewa idhini."

Kijiji kikaitwa mkutanoni. Mwenyekiti, Mzee Maduhu, akamtaka bwana shamba aeleze. Kaka yangu akasimama, akavua kofia, akasema kwa sauti ya ofisini kwamba yeye alishauri watu wajiandae tu. Hakumwambia mtu yeyote ang'oe viazi vichanga. Kama kuna aliyepita nyumba kwa nyumba, huyo alisema ya kwake.

Nilimtazama mama. Neno moja tu lilitosha, nami nilikuwa shahidi. Nikainuka nusu, akanishika mkono akanikalisha.

"Mama Bwana Shamba," Mzee Maduhu akamuuliza, "ni wewe?"

"Ni mimi," mama akajibu. "Niliongeza ya kwangu."

Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Kaka yangu alilichuma, akatuachia tule peke yetu. Mama akatengwa. Kwetu aliyetengwa hasalimiwi, hachoti maji na wenzake, wala hapewi moto, na anayemhurumia naye hutengwa. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya kuachika, kwa hiyo adhabu hiyo ikawa yetu sote wawili. Viberiti vilikwisha kuadimika dukani kwa Kanji, na mama akawa anauchunga moto wake kwa kusukuma gogo, usizimike.

Ukazimika mwezi wa nne, paa lilipovuja. Siku ya pili yake Apolinari akapita kutusalimu, amelowa, anataka chai.

"Scola, kimbia kwa Mama Kalisti ukaombe moto," akasema.

"Nenda wewe," mama akamwambia. "Wewe watakupa."

Akaenda. Akarudi na kijinga kinachowaka, amekikinga kwa kofia yake, na kiazi cha kuchoma mkononi, cha kununua gulioni. Alikuwa anatabasamu.

"Watu wenyewe wema tu, mama. Wamenikaribisha mpaka ndani. Nyinyi mnajitenga wenyewe."

Nilitaka kumpiga kwa kile kijinga. Mama akakipokea kwa mikono miwili, akawasha, akabandika chungu. Akatia michembe iliyobaki, ile nyeusi tuliyokuwa tunakula sisi kila siku. Ilipoiva akampakulia mwanawe sahani imejaa. Apolinari akatafuna kidogo, akakunja uso.

"Mbona michungu hivi?"

"Kula, mwanangu," mama akasema. "Ni ile uliyotuanikisha."

Akala. Hakuinua macho mpaka sahani ikaisha. Nje mvua iliendelea kunyesha na baridi ilikuwa kali. Mimi nilisogea jikoni nikaota moto. Mama alikaa mlangoni, khanga yake imelowa, na moto ule hakuusogelea tena mpaka Apolinari alipochukua baiskeli yake akaondoka.