Neno la Sada Lilikuwa Njiani

Jamvini tulikuwa watano, na wote nawakumbuka. Mimi, dada yangu Mize, tumbo moja, Time na Riziki, watoto wa ami yetu Faki, na Sada, jirani yetu wa ua kwa ua, ambaye mama yake alininyonyesha mama yangu alipougua, basi tukawa ndugu wa kunyonya. Wa sita ni mama yangu mwenyewe, Bi Mafunda, yuko pembeni juu ya mbuzi, anakuna nazi, na macho yote kwetu.

Enzi hizo msimu wa karafuu ukifika hapa Gando, watoto wote tulichambua. Unashika kichala, unakisokota kiganjani, karafuu huku, vijiti vyake, makonyo, kule, mpaka vidole vinakuwa vyeusi na kuwasha, na harufu inakuingia hata ukila muhogo unaisikia humo. Kazi ile haikuwa na raha, basi tukaitia mchezo. Tulicheza harusi. Bi harusi ni gunzi la hindi tulilolivisha kitambaa, na kila mmoja wetu ana cheo chake: Mize kungwi, Time mpishi, Riziki mama wa bwana harusi, mie mlinzi wa mlango. Sada siku zote ndiye aliyeleta posa.

Haya, na Sada alikuwa na kigugumizi. Kikimshika, hata mvivu humaliza vichala viwili kabla neno halijatoka. "Tu-tu-tu..." Na posa isiposemwa harusi hakuna, sote tumekaa. Siku moja nikashindwa, nikammalizia: "Tumekuja kuposa, basi yaishe!"

Mama akaacha kukuna nazi. "Weye, ondoka jamvini. Beba makonyo ukayaanike."

"Mama, si yeye anayetuchelewesha?"

"Neno lake liko njiani. Weye uliyeshindwa kulingoja ndiye uliyeharibu mchezo."

Tangu siku hiyo ikawa sheria yetu. Anayemmalizia Sada neno ndiye anayetoka, na makonyo ni yake. Sada akawa anasema posa yake yote, polepole, na ikimtoka tunapiga vigelegele kama harusi ya kweli.

Sasa njooni huku kwa wajukuu zetu, waliozaliwa na simu mkononi. Raya wangu anacheza na jamaa zake humo simuni. Nilidhani upuuzi, mpaka akanifahamisha: ni watu watano, kila mmoja yuko kwake, na kila mmoja ana cheo. Huyu ana ngao, yule ana upinde, na Raya ni tabibu anayewaponya wenziwe wakijeruhiwa. Nikacheka, nikamwambia kumbe ni harusi yetu ile, ila ya kupigana. Kiongozi wao Haji, mjukuu wa Sada, yuko mjini Unguja. Nyumbani hapa Raya hana wa rika lake hata mmoja. Hao wanne ndio wenziwe.

Ijumaa moja baada ya Alasiri walikuwa wanapigana na joka lililowashinda wiki nzima. Mtandao wa huku kwetu ni wa kubahatisha, basi Raya kapanda juu ya kisiki nyuma ya jiko, simu kaiinua. Namsikia: "Haji, ningojeeni! Dawa nishaituma, inakuja!"

Sauti ya Haji ikatoka humo simuni: "Oyaa, mtoeni huyo wa shamba, kila siku anastaki, mtandao unamkwamisha! Tutapata tabibu mwengine." Wenzake wakacheka.

Raya akanionesha kioo. Wamemwondoa. Hakulia. Aliizima simu, akaenda kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Nikapiga kwa Sada kushitaki. Yeye siku hizi anakaa mjini kwa kina Haji, hana simu yake, hupatikana kwa ya Haji, na kigugumizi kimemrudia na uzee. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza: "Mw-mw-mwambie Ra-Ra..." Nikangoja. Mie kumngoja Sada nimefundishwa.

Mara nikasikia simu inavutwa. "Bibi hajambo, anakusalimu," akasema Haji.

"Mrudishie bibi yako simu. Hajamaliza."

"Atachelewa huyu, bibi, na mie wenzangu wananingoja." Akakata.

Wenzake wanamngojea yeye! Kungoja anakujua, kumbe, ila kwa kungojwa.

Idd ilipofika Haji alikuja na jamaa, bibi yake kabaki mjini, wakakaa ukumbini vichwa chini, kila mtu na kioo chake. Raya alimpa mkono, akarudi jikoni. Haji akamwita, "Njoo bwana, huku kwangu mtandao una kasi." Raya akajibu kutoka huko huko, "Si mmeshapata mwengine?" Mpaka leo hajacheza tena. Na lile neno la Sada kwa mjukuu wangu sijalisikia. Kila nikipiga anapokea Haji. Zamani kwetu alitolewa mwenye pupa. Leo anatolewa anayechelewa, na mwenye pupa ndiye kiongozi.

Mize ameshatangulia, siwezi kumuuliza. Time, Riziki, na wengine mliowahi kuchambua kwa Bi Mafunda, kama nimekosea cheo cha mtu, au aliyetolewa jamvini siku ile hakuwa mie peke yangu, nisahihisheni. Msiharakishe. Nitangoja.