Bakuli la Msukumaji

Alfajiri ya mtaa wetu, hapa Ujiji, huanza na harufu ya iliki kabla ya kuanza na mwanga. Wanaume wanapotoka msikitini, Mwamini amekwisha kuwasha jiko la mkaa barazani kwake na karai limeanza kunong'ona. Amekaanga maandazi pale tangu alipofiwa na mume, binti yake wa mwisho angali ananyonya. Binti huyo sasa ameolewa Kasulu na ana watoto wake.

Watoto wa shule hupita kwake na madaftari kwapani. Wavuvi waliotoka ziwani na macho mekundu hupita pia, wakanunua ya kula na ya kupeleka nyumbani. Kila mmoja humwita kwa jina analolijua yeye: Mama, Bibi, Shangazi, Da Mwamini. Wote huwaitikia sawa. Bei ya andazi lake haikupanda kwa muda mrefu kiasi kwamba watu waliacha kuifikiria, kama mtu asivyofikiria anavyopumua.

Habari ya ushuru ililetwa na redio ya Haruna, fundi baiskeli ambaye kibanda chake kinatazamana na baraza ya Mwamini. Ulikuwa mwezi wa bajeti. Haruna alisikiliza mpaka mwisho, akapunguza sauti, akavuka barabara na kikombe chake cha chai.

"Umesikia, Mwamini? Serikali imepandisha ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje. Wanasema ni kumlinda mkulima wa ndani."

"Vizuri," Mwamini alisema, akigeuza maandazi. "Dada yangu Asia ni mkulima wa ndani. Siku zote hizo nani alikuwa anamlinda?"

"Na wewe mkaangaji, nani atakulinda?"

"Mimi nina Asia."

Alilisema hilo bila kusita, kwa sababu ndivyo mambo yalivyokuwa. Asia, dada yake mkubwa, aliolewa kijijini Simbo, na marehemu mumewe alimwachia shamba la michikichi nyuma ya nyumba. Kila msimu Mwamini alikwenda Simbo na dagaa wakavu, sukari, chumvi na doti ya khanga, akarudi na madumu ya mawese. Aliyachoma mawese hayo kwenye sufuria mpaka wekundu ukafifia na ile harufu kali ikaondoka, kisha akayachanganya na mafuta meupe ya dukani. Andazi lililotoka humo lilikuwa na rangi ya jua la asubuhi, na watu wa mtaani walidhani ni ufundi wa kukanda. Fedha haikuwahi kupita kati ya dada hao wawili. Wangeona aibu hata kuitaja.

Kwa hiyo mafuta ya dukani yalipoanza kupanda, Mwamini hakushtuka. Kila alipokwenda sokoni Mwanga, muuza duka alimwambia yale yale huku akitazama pembeni, "Mama yangu, hata mimi nanunua hivyo hivyo." Alirudi na chupa ndogo kuliko ya jana. Alipunguza mafuta, akapunguza na unga.

"Mwamini," Haruna alisema asubuhi moja, akiliinua andazi mbele ya macho kama anakagua gololi ya baiskeli, "hawa ni njiti?"

"Watakulia tumboni mwako. Kunywa chai."

Watu walicheka. Lakini mama mmoja mwenye watoto wengi, aliyezoea kununua bakuli zima, alisimama akayatazama maandazi yale, akasema atarudi, na hakurudi. Mwamini aliliona hilo. Jioni aliyaosha madumu yake kwa maji ya moto na majivu, akayaanika. Msimu wa chikichi ulikuwa umefika. Akili yake ilimwambia kwamba mafuta ya meli na mafuta ya Asia ni vitu viwili tofauti. Yale yanavuka bahari na kukutana na ushuru, haya yanatoka nyuma ya nyumba ya dada. Yakipanda yale, yeye atakaanga kwa haya.

Alipofika Simbo, kitu cha kwanza kuona kilikuwa paa. Nyasi zimeondoka, na mabati mapya yaling'aa hata akakinga macho kwa mkono.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Za Ujiji? Mwakeye?" akaongeza salamu ya Kiha.

Asia alipokea mfuko wa dagaa kwa mikono miwili, lakini hakuufungua kuunusa kama kawaida yake. Aliyatazama madumu matupu, akageuza uso. Alimkaribisha ndani, akamwekea maji ya kunawa, akamletea ugali wa muhogo na maharage, na muda wote huo hakukaa kitako. Mwamini alikula akiwa na hofu asiyojua inatoka wapi.

Baada ya kula, Asia alikaa.

"Kuna mtu alikuja na lori," alisema. "Anasema huko mijini mafuta ya nje yamekuwa ghali, kila mtu anataka mawese sasa. Wenye viwanda vya sabuni, wenye viwanda vya mafuta. Amepita nyumba kwa nyumba. Anatoa fedha kabla hujavuna. Nimeuza, Mwamini. Nimeuza mikungu ikiwa bado juu ya miti."

"Yote?"

"Yote."

"Hata ya kwangu?"

Asia alimtazama. Hakukunja uso wala hakupandisha sauti. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Ya kwako ni ipi?"

 Mwamini alitazama mikono yake, yenye alama ndogo ndogo za matone ya mafuta, na kwa mara ya kwanza aliiona baraza yake bila moto. Sijui kama kuna uchungu unaofanana na ule wa kugundua kwamba kitu ulichokiita chako kilikuwa zawadi. Alitaka kuondoka, lakini mbingu ilikuwa imeshanuna, na kabla hajainuka mvua ikateremka.

Juu ya mabati ilikuwa kelele tupu. Asia alisimama haraka, akachukua beseni, akaenda moja kwa moja mpaka katikati ya chumba, akainama kulitega. Akabaki ameinama hivyo. Alitazama juu. Hakukuwa na tone. Alisimama na beseni lake tumboni, mama mtu mzima, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kitu kingine, akajifuta kwa upindo wa khanga.

Mwamini aliyakumbuka masika yote aliyolala katika nyumba ile. Palikuwa na beseni hapa, sufuria pale, na kitanda kilichosogezwa usiku kutoka pembe moja hadi nyingine, na Asia akisema, "Wewe lala, mimi sina usingizi." Asubuhi yake yeye aliondoka na madumu yamejaa. Mtaa mzima wa Ujiji ulikula andazi la bei nafuu, ukamsifu mkaangaji, ukaisifu hata serikali mwaka ambao vitu vilitulia. Hakuna aliyejua kwamba sehemu ya unafuu ule ililipwa hapa, na mwanamke aliyelala macho chini ya nyasi zinazovuja.

Alikwenda akalichukua lile beseni mikononi mwa dada yake, akaliweka chini.

"Mimi nabeba mafuta, wewe unatega beseni," alisema kwa sauti ya juu, ili mvua isimmeze. "Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ulikuwa unaleta dagaa."

"Dagaa, dada! Dagaa!"

Wakacheka tena, safari hii pamoja.

Asubuhi Asia alitoa chungu chake cha jikoni, mawese aliyojiwekea ya kupikia, akamsukumia. Mwamini alikirudisha. Nje, chini ya kibanda, mashine ya kukamulia ilikuwa inasubiri: pipa la chuma lenye matundu, parafujo nene iliyosimama katikati yake, na juu yake mti mrefu wa kusukumia kwa kuzunguka. Chikichi za kwanza za mwenye lori, zilizovunwa ili Asia amkamulie, zilikuwa zimechemshwa tayari. Huko Simbo wanakijiji wana utaratibu wao, wa tangu enzi za mama zao. Anayesukuma mashine halipwi fedha. Jioni hupimiwa mawese kwa bakuli, kabla mwenye mafuta hajafunga dumu lake, na hata tajiri aliyenunua shamba zima haligusi bakuli la msukumaji. Asia alikuwa anakwenda kuita watu wa kazi.

"Ita mmoja wa kutia chikichi," Mwamini alisema. "Wa kusukuma nawe ni mimi."

"Wewe? Mikono ya kugeuza maandazi?"

"Nipe khanga chakavu."

Walishika mti, Asia upande huu na Mwamini upande ule, jirani mmoja akiongeza chikichi za moto. Mwanzoni mashine ilikuwa nyepesi. Kisha ikakaza, mafuta yakaanza kutoka matunduni, mazito, ya rangi ya machungwa, na ardhi chini ya miguu ikawa telezi. Mwamini aliteleza, akaangukia goti.

"Tembea, Ujiji!" Asia alipiga kelele. "Hapa hakuna mteja wa kukungoja!"

"Kizunguzungu, dada."

"Usitazame chini. Nitazame mimi."

Akamtazama. Walizunguka hivyo, kila mmoja akiufuata uso wa mwenzake, wala haikujulikana nani yuko mbele na nani nyuma. Dodoma iko mbali na Simbo. Waliolipanga jambo lile la ushuru pengine walimfikiria Asia, na pengine kwa nia njema. Ila hawakujua kwamba mti anaoshika Asia una upande wa pili.

"Dada, na bajeti nyingine wakiuondoa ushuru? Mwenye lori asiporudi?"

"Hapo nitakuja Ujiji kukukandia unga."

"Hujui kukanda."

"Na wewe hujui kusukuma. Mbona uko hapa?"

Jioni mashine ilisimama. Walikuwa wamekwisha kukubaliana: siku moja kila wiki, msimu mzima, baraza ya Ujiji italala na yeye atakuja kusukuma. Hatapata mafuta kama ya zamani, lakini karai halitakauka. Asia alichota kwa kata kwenye ndoo iliyokinga mafuta, akajaza bakuli mpaka ukingoni, akalimimina kwenye dumu la mdogo wake. Kisha akachota tena.

Mwamini alifunika mdomo wa dumu kwa kiganja.

"Nimepata changu."

"Ongeza kidogo, Mwamini. Mimi ni dada yako."

"Ukiongeza, wiki ijayo sitakuja."

Asia alisimama na kata hewani, matone yakimdondokea vidoleni. Alimtazama mdogo wake, nguo imelowa, mashavu yamepakaa mafuta. Akairudisha kata ndooni, polepole, isimwagike.